Nyungu ya Kofia

Mapama saba yametoka kwenye robota pale Karume
yakiwa chapati.
Muuzaji ananirushia moja moja kama sahani za bati:
"Beba yote, dada, elfu kumi na nne.
Haya hayana kichwa."
Kweli, hayana.
Ndicho ninachokwenda kutafuta.

Mtaa wa Kongo, duka la tatu baada ya mabeseni,
kijana ananionyesha mashine ya mvuke,
nyeupe, ina mkonga
kama wa tembo aliyechorwa ukutani chekechea.
Dakika moja tu inafuka, anasema,
mapazia, suti, hata sofa.
Na kofia?
Anaitazama mashine, labda itajibu yenyewe.
Laki na themanini. Wati elfu mbili.
Nafikiria LUKU yangu, uniti nne na nukta,
itakavyoanza kupiga kelele kabla sufu haijalainika.
Narudisha mkonga mahali pake, taratibu,
kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Pasi? Nilijaribu mwaka jana, juu ya pama la kijani.
Ikaacha alama ya pua yake ukingoni.
Lile pama sasa linafunika mtungi.

Keko, kwa fundi Chigunda, naagiza kalibu.
"Kichwa cha nani?" penseli sikioni.
Nampa kamba yenye fundo: sentimita hamsini na nane.
Anausifia mninga. Mzito, namwambia,
siku ukianguka utaondoka na kidole changu.
Analeta msonobari. Naunusa.
Msonobari ukipata joto hulia utomvu,
na machozi hayo hayafutiki kwenye sufu.
Tunapatana kwenye mkangazi, mabaki ya kitanda cha mtu,
nitauvika nailoni usije ukatoa rangi.
Kikachongeka kichwa kisicho na masikio wala deni.
Kinakaa mezani, karibu na mlango.
Mama Ndeshi, mpangaji mwenzangu,
akipita usiku kwenda bombani
hukisalimia.

Mwisho wa yote, birika.
La marehemu shangazi Sikudhani, mdomo mrefu, mwembamba.
Humo alichemshia nyungu: mchaichai, mwarobaini,
halafu blanketi kichwani,
nasi watoto nje ya blanketi tukihesabu
mtu mzima anaweza kulia muda gani bila kuonekana.
Mdomo mpana humwaga mvuke ovyo;
huu huulenga, kama uzi kwenye tundu la sindano.
Maji nusu, si zaidi.
Yakijaa hutema, na tone moja
linaacha doa la duara, kama shilingi.
Brashi ya manyoya ya farasi nimeikosa mji mzima.
Ninayo ya viatu, mpya, haijawahi kuonja rangi.
Na mpira wa kukazia shingo ya kofia
nimeuchomoa kwenye kiuno cha sketi ya shule,
sketi ambayo mwenyewe sasa ana miaka ishirini na sita
na hajui.

Leo pama la kwanza, la kahawia.
Naliinamisha juu ya mdomo wa birika.
Sufu inalegea kama mkate uliochovywa chai,
na harufu inatoka.
Si mchaichai.
Ni kichwa cha mtu nisiyemjua:
mafuta ya nywele, moshi wa kuni za nchi ya baridi,
alikuwa amejibanza ndani ya ukanda wa jasho
muda wote huo
akingoja mtu achemshe maji.
Najisikia nikisema, pole.
Kisha namvuta chini kwa mikono miwili,
juu ya mkangazi wa Keko,
nakaza mpira, napiga brashi kuelekea upande mmoja,
nazima jiko.

Kukauka ndiyo shughuli.
Machi hii, hapa Ilala, hewa yenyewe ni birika;
itachukua siku mbili, pengine tatu.
Bwana Mwakipesile anaitaka Jumamosi, ana send-ofu ya binti yake.
Jana nilimpima kwa kamba ile ile.
Sitini kasoro kidogo.
Bado sijamwambia.