Kata

Siri ya mtungi, wasema, muulize kata.
Basi niulizeni mimi,
mkalimani wa mahakama ya biashara, Akra:
Kiga kwenda Kiingereza, Kiingereza kurudi Kiga,
miaka kumi na tisa, na koo lililochakaa.

Jumanne ile jaji aliwatoa wote:
waandishi, wanafunzi wa sheria, binamu wa pande mbili,
hata askari wa mlangoni, aliyetoka akinusa hewa
kana kwamba chungu kiko jikoni humo.
Tukabaki watu wanane, feni moja,
na chupa mbili za shito juu ya meza,
pilipili iliyokaangwa na dagaa hadi ikawa lami:
Kielelezo A, Kielelezo B,
nyeusi kwa nyeusi.

Wakili wa kiwanda, wigi limemkaa upande:
"Sheria hailindi kila kilichofichika.
Humlinda aliyejitahidi kuficha.
Wewe, mama, ulifanya nini?"

Nikamfikishia. Bi Ayikailey akacheka kwanza,
na kicheko hakitafsiriki, nikakiacha kipite.

"Tangawizi nanunua Makola, pilipili Ashaiman,
dagaa nawafuata mwenyewe hadi Keta,
asiwepo muuzaji mwenye hesabu nzima.
Makopo yangu nimeyabandua karatasi.
Ikifika saa ya kile kitu, wasichana nawatuma kuni,
na kuni ziko tele uani. Wanajua. Wanakwenda.
Ufunguo huu hapa."
Akajipiga kiunoni, shanga zikalia,
na karani akaniuliza kwa kunong'ona
mlio wa shanga unaandikwaje.

"Mkataba je? Sahihi?"

"Afotey ni mtoto wa dada yangu.
Uji nimemnywesha kwa mkono huu.
Hiyo sahihi ningeiweka wapi, kwenye kijiko?"

Akainuka Afotey, shati jipya la kiwanda,
jina lake limetariziwa kifuani kama la mgonjwa.
Hakuiba, alisema. Alinusa.
"Miaka sita nimelala nyuma ya jiko lile.
Pua haina mlango."

Na sheria, nimeitafsiri hadi naiota,
humwachia aliyegundua kwa akili yake,
humshika aliyevunja amana.
Lakini pua iliyolelewa katika nyumba,
ni ya mwenyewe au ni ya nyumba?
Jaji aliandika, akafuta, akaandika.

Kisha ikaletwa bahasha, na lakiri nyekundu tayari.
Ndani mlikuwa na karatasi tupu.
Kuandika hajui,
na wa kumwandikia hakumpata wa kumwamini.
Ndipo nikaona mzaha wa jambo lenyewe:
ili neno lilindwe, sharti kwanza litamkwe.

Akaniinamia sikioni.
Kitu kimoja, na muda wake.
Kwa Kiga maneno manne, kwa Kiingereza yakawa saba.
Nikayatoa polepole kama apitishaye yai.
Karani akayapiga chapa, lakiri ikayeyuka,
na mama yule akanitazama mimi, si mpwa wake,
kwa jicho la mtu aliyekopesha.

Hukumu bado. Imeahirishwa mara mbili.

Niliapishwa, ndiyo, kwa kitabu na mkono wa kuume.
Ila kiapo hakikunieleza habari za Jumamosi,
Teshie, jikoni kwetu,
mke wangu Dromo amefunika pua kwa khanga ya moshi na mafuta,
anakoroga shito yake, anaonja,
ananinyoshea mwiko.
"Kuna kinachopungua. Nini?"

Nakijua. Na kopo lake nakijua lilipo,
rafu ya pili, nyuma ya mchele.
Dakika yenyewe ndiyo hii, inapita,
naisikia ikipita ndani ya mafuta.

"Chumvi," nikamwambia.

Akaongeza. Ikaharibika.
Tukaila hivyo hivyo, wiki nzima.