Tone Moja

Pipa la kichocheo lilifika Nyakato Jumanne,
lakiri imekatika upande,
na Bujiku, mpakuaji, akaniita: "Dada mkemia,
hili linafuka kama ugali uliosahauliwa jikoni."
Haukuwa moto. Ilikuwa hewa ya ziwa,
imeingia bila hodi.

Kloridi ya alumini haivumilii unyevu.
Ukiifunua inatoa moshi mweupe unaokwaruza koo,
nami nikarudi nyuma hatua tatu
nikikohoa vyeti vyangu vyote.

Bujiku akataka kujua ni dawa ya nini.
Nikamwambia: huyu amepungukiwa elektroni,
anatembea na bakuli tupu.
Mpe tone la maji (tone, si kikombe),
atalibana mpaka liteme protoni,
na protoni ile, chanya, pweke,
itagonga mlango wa molekuli ya kwanza.
Mlango una makomeo mawili. Moja linafunguka.
Aliyefungua anabaki na upungufu uleule,
anamgeukia jirani,
jirani anamgeukia jirani,
na hujamaliza kupiga chafya
maelfu wameshikana mikono.
"Kwa hiyo wanashikana kwa deni," Bujiku akasema.
Sikuwahi kulisikia hivyo darasani.

Na maji yakizidi?
Deni linalipwa mapema. Wote wanasimama.

Bechi ya Jumatano ikatoka uji.
Tulitaka utomvu mgumu wa gundi ya tepu,
wa kuvunjika kwa nyundo kama sukari guru;
nikainua mwiko, ukadondoka
kama asali iliyochakachuliwa.
Bwana Mahimbo, meneja, akauliza nani wa kulaumiwa.
Nikanyoosha kidole magharibi,
kule kwenye maji yote yale.
Hakucheka.

Baba yangu, Ndalahwa, aliziba pancha Mabatini
miaka ishirini na sita.
Isobutini hakuijua kwa jina.
Hakujua kwamba tyubu aliyoipasha kiraka
ilizaliwa ng'ambo, kwenye baridi
ya karibu nyuzi mia chini ya sifuri,
kwa chumvi ileile inayonikohoza.
Alijua tu ipi inashika upepo na ipi ni ya kuuziwa mgeni.
Aliijaza, akaizamisha kwenye beseni la maji ya ziwa,
akaizungusha taratibu, jicho karibu,
mpaka kipovu kimoja kikapanda.
"Hapa," alisema. "Maji hayana aibu ya kusema."

Nilikuwa nashika taa.
Ada ya kidato cha tano ilitoka kwenye vipovu vile,
mia mia, mia mbili mia mbili,
sarafu zenye harufu ya solusheni.

Usiku wa Jumatano sikulala.
Nilihesabu: maji yaliyoanzisha mpira,
maji yaliyouzimia njiani,
maji yaliyokuja baadaye kuuuliza umetoboka wapi.
Sikupata jumla.
Pengine si hesabu ya kujumlisha.

Alhamisi nimeandika barua:
naomba silika ya kukausha hewa, kilo kumi,
na mfuniko mpya wa pipa.
Wamejibu kwa neno moja, bajeti.

Sasa ni saa tisa. Wingu limesimama upande wa Ukerewe,
jeusi, lina miguu.
Bujiku amevua koti lake
na kulifunika pipa.