Kijani cha Ipagala

Agosti. Vumbi limekaa kooni mwa mji,
mabua ya mtama yameisha kwa mbuzi,
na nyuma ya nyumba yetu, chini ya tangi,
ukuta umeota kijani.

Mama aliuendea kila asubuhi
na kikombe chake cha chai.
"Angalau kitu kimoja," alisema, "kimekumbuka mvua."
Mbuzi wa akina Masinjila akaja kuuramba.
Tulicheka.
Hatukujiuliza anafuata nini.

Boya la tangi lilikuwa limekwama.
Tone. Kisha tone.
Usiku wa mgao, mchirizi mpaka kwenye msingi.

Fundi Chiwanga hakutoa nyundo.
Alitoa msumari wa inchi nne,
akausukuma kwenye lipu kwa kidole gumba,
ukazama kama kwenye uji uliopoa.
"Mwani huu," akasema.
Mwani! Sisi, ambao bahari tunaijua kwa kalenda.
"Hauna jino. Unakunywa, unavimba.
Jua la saa nane likiupiga, unasinyaa,
na ukisinyaa unaondoka na punje ya mchanga.
Moja tu. Kesho nyingine.
Na jasho lake lina ukali wa ndimu,
muulize chokaa."

Sikumwambia habari ya Desemba.
Wageni wa mahari ya Lechipya walikuwa njiani,
nami nikapaka rangi ya maziwa juu ya kijani,
mikono miwili, bila hata kusugua.
Ukuta ukang'aa siku ile, ukapigwa picha.
Februari rangi ikatoa malengelenge;
nikapasua moja kwa kucha,
likatoka maji, na harufu ya kisima.

Wahenga walituonya juu ya ufa.
Huu haukuanza kwa ufa.
Ulianza kwa kupendeza.

Chiwanga amebandua lipu yote hadi kwenye tofali,
na tofali za chini, zilizochomwa Ntyuka
enzi za baba, zinamong'onyoka viganjani
kama kashata ya jana.
Koki mpya ya tangi: shilingi elfu nane.
Ukuta: bado tunahesabu.

Asubuhi Mama ametoka na kikombe chake,
amesimama palepale pa siku zote.
Mbele yake pakavu, pa kijivu, pananuka saruji mbichi.
Chai inapoa.
Macho yake yanapapasa,
hayajapata pa kutua.