Rilei ya Zamani

Balbu ya kale ilikunywa wati ishirini na moja
na kiu ikabaki.
Hii mpya, LED, ndogo kama punje ya mtama,
inalamba tu, inashiba.
Rilei ikadanganyika. Ilipohisi mzigo mwepesi
ikadhani kuna taa imekufa,
ikaanza kupiga mbiu ya msiba:

tikitikitikitiki

na ubavu wa kushoto wa kigari cha baba
ukapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga.

"Ina wazimu hiyo," akasema baba,
amesimama thelujini na viatu vya kuogea.
Nikahesabu kwa saa ya mkono:
mara mia na sabini kwa dakika.
Kule Hirosaki, Onodera wa ukaguzi
hapokei zaidi ya mia na ishirini,
na anakataa kwa adabu, ameinamisha kichwa,
hata huwezi kumgombeza.

Basi nikalala chali chini ya usukani,
tochi mdomoni,
nikachomoa ile rilei kongwe,
nikaitupa kwenye kopo la misumari.
Nikachomeka ya elektroniki.
Themanini na tano kwa dakika. Haijali mzigo.
Haina haraka, haina hofu,
haina sauti.

Sikuliwaza hilo la mwisho.

Jumatatu baba alipeleka matufaha ghalani.
Alikunja kushoto penye duka la Mitsue,
kisha akanyoosha,
na taa ikaendelea kukunja
kilomita tisa, barabara imenyooka kama rula.
Nyuma yake magari sita yakingoja akunje.
Mitsue alinipigia simu, anacheka, anakohoa:
"Baba yako anatoa ahadi njia nzima, hatimizi hata moja."

Nilicheka pia. Halafu sikucheka.

Jicho lake haliuoni tena ule mshale wa kijani kwenye dashibodi.
Sikujua. Hakusema.
Miaka yote hii alikuwa akiendesha kwa sikio:
tik, tak, nimewasha;
kimya, nimezima.
Na mama, enzi zake, akisinzia kando
baada ya kutwa nzima juu ya ngazi za kuchumia,
alishtuliwa na tik tak ya kona ya mwisho,
akaanza kutafuta funguo za nyumba
kabla hajafumbua macho.

Nikarudi kwenye kopo la misumari.
Nikaifuta kutu kwa msasa.
Nikanunua rezista mbili, moja kila upande,
nikaziunga sambamba na taa,
nikazifunga kwa bolti kwenye chuma kitupu,
mbali na plastiki, mbali na waya,
maana zinachemka: kidole changu ni shahidi.

Tazama hesabu ya mwenda wazimu:
nimenunua taa za kubana umeme,
kisha umeme niliobana nauchoma juu ya kijiwe
ili chuma cha zamani kiamini
bado kuna mtu mezani wa kulishwa.

Onodera alihesabu tisini. Akagonga muhuri.

Jioni baba alifika langoni petu,
hakuna gari nyuma, hakuna mbele,
shamba jeupe mpaka miguuni mwa mlima.
Akawasha kulia hata hivyo.
Akaiacha ipige kidogo
kabla ya kukunja.