Swichi Amesahau

Kavira aliponifungulia kile kiboksi
mezani kwake, kule Birere,
nilidhani ndani mna kitu cha kutisha.
Mlikuwa na vumbi jeusi, lile letu la volkano,
na mende mmoja, mkavu.

"Anza na waya," akasema.
Nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili:
chungwa, kijani, buluu, kahawia.
Nilikosea uzi mmoja tu, na asubuhi nzima
mashine ya mwanasheria Buhendwa
haikusema na mtu.

Akanionyesha habu, chakavu, wa kutupwa.
Huyu hana siri.
Neno la mmoja hulitangazia nyumba nzima,
kama mama fulani wa pale bombani (simtaji),
na kila mashine inajiuliza: langu?
Si langu. Inalitupa.

Swichi ana adabu.
Ukisema, hutazama umetokea mlango gani,
hukariri: mlango wa tatu, jina fulani.
Asiyemjua bado, atamtafuta kwa kubisha hodi kote.
Akishamjua, huenda kwake tu,
na jirani hasikii hata mguno.

"Na ruta?"
Akanyoosha koleo upande wa Barriere Ndogo,
wanawake na ndoo zao za nyanya wakivuka kwenda Gisenyi.
"Swichi anajua mtaa. Ng'ambo hakujui.
Mzigo usio wa hapa anapelekewa yule wa mpakani.
Yeye husoma anwani, huchagua njia,
na huko mbele kuna mpaka mwingine,
na mwingine anayesoma."

Nikauliza, jina na anwani, vyote viwili vya nini?
Akakaa kimya, koleo mkononi.

"Jina mashine huchomewa kiwandani.
Anwani hupewa inapofika.
Lava ilipokula nyumba yetu
mwezi mmoja nilikuwa na anwani tatu:
Sake, darasani kwa mapadri, kwa shangazi Katoyi
nyuma ya jiko.
Nilibaki Kavira."

Hapo umeme ukaenda.
Vitaa vya kijani vikafa vyote, kwa mkupuo.
"Basi," akasema, "swichi amesahau kila mtu.
Ukirudi ataanza upya."
Akatafuta kiberiti. Hakukiona.

Nje, chukudu lilikuwa likigonga mawe,
magunia mawili ya viazi, na kijana anayelisukuma
akapaza sauti gizani, si kwa mlango wowote:
"Kwa Mama Nsimire ni wapi?"

Mtaa mzima ulisikia.
Nyumba ya mshona viatu ilinyamaza.
Nyumba ya wale mapacha ilinyamaza.
Mbwa, yeye, hakunyamaza.

Kisha huko chini, karibu na kisima,
mlango mmoja ukalia bawaba:
"Hapa! Leta!"

Magurudumu yakageuka.
Kavira hakusema kitu.
Nilimsikia tu akicheka puani,
koleo likirudi sandukuni.