Mrututu

Ami Muhenna kanipigia tena kutoka Rustaq.
"Ndimu zimetoka ndui," asema, kwa Kiswahili cha Wete
alichokibakiza kwa mambo mawili: kutukana na kuugua.
Rafikul kapiga dawa mara tatu,
mrututu umemwacha na kucha za buluu,
na majani yangali na vidonda, kila kimoja na pete yake ya manjano.

Nami huku Rumais, kiyoyozi kinakoroma,
jani lake liko mbele yangu kwenye kisahani.
Bakteria wake nimewasoma herufi kwa herufi.
Ni wale wale wa mwaka juzi.
Ila

katikati ya mstari niliokuwa nao kwa ghaibu
pana jeni imeketi. Haikuwapo.
Ilikuwa kwenye uzi mkuu wa DNA,
sasa imo katika kiduara cha pembeni,
na kiduara hakina kwao:
bakteria wawili wakigusana, hunakiliwa, huvuka.

Haina miguu jeni hii, ina mkasi.
Hujikata hapa, hujishona pale.
Ncha zake ni jozi ya makubadhi,
cha kulia na cha kushoto, umbo moja lililogeuzwa,
na pale ilipopenya herufi tano za mwenyeji
zimeandikwa mara mbili, huku na huku,
kama mtu aliyekatizwa maneno
akaanza tena aliposhia.

Mgongoni imebeba hirizi: ujuzi wa kuitema shaba.

"Nani kaileta?" auliza Ami, sauti ya mtu aliyeibiwa.
Sijui. Labda miche ya sokoni. Labda maji ya falaji.
Labda ilikuwamo siku zote, kwa wachache,
nasi kwa mrututu tukawaua wasiokuwa nayo.
Hilo la mwisho nalisema polepole.

Kimya. Nyuma yake namsikia shangazi Zuwena
akimwita Rafikul, Kiarabu kitupu, kisha katikati, bila kituo,
"funga mlango bwana, mbu!"
na Rafikul, mtu wa Sylhet, akajibu,
"Nishafunga, bibi."
Sikujua kakipata lini. Hakuna aliyemfundisha.

Ami amerudi kwenye simu.
"Basi tukate mingapi?"