Dirisha la Kaskazini

Abi Lhazes hazitaki hesabu zangu.
Nimemchorea jua nyuma ya mfuko wa sukari:
hapa Desemba, adhuhuri, linapita chini,
nyuzi thelathini na mbili tu,
linaingia mpaka kwenye godoro lako;
hapa Juni limekaa utosini,
ukingo wa paa unalizuia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi.
Basi kusini tufungue ukuta, Abi.
Vioo viwili, hewa ifungwe katikati,
sakafu ya udongo inywe mchana kutwa
na usiku ikurudishie joto polepole.

Anakoroga chai ya siagi.
"Na kaskazini?"

Kaskazini hapana.
Nimepima nyumba za Leh, najua:
dirisha pana upande ule
linakula gunia la samadi kavu kwa wiki,
na alfajiri kioo kinaota barafu
kwa ndani.

"Barabara iko kaskazini."

Barabara.
Lori la kijani la Thinles, mwanawe,
likipanda Khardung na mafuta ya wanajeshi,
honi mbili kwenye kona ya mwisho,
kisha mlima, basi.
Hili halikuwamo kwenye mchoro.

Usiku nilifuta, nikachora, nikafuta.
Asubuhi fundi Haidar, misumari mdomoni,
akaitazama karatasi iliyochakaa, akacheka:
"Mpime mwenye macho."
Akamketisha Abi kwenye mto wake,
akaweka rula ardhini, kisha kidevuni, kisha juu ya nyusi,
naye Abi akatulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Sentimita sabini na moja kutoka sakafuni.
Upana, shibiri mbili.
Vioo vitatu, fremu ya mpopla,
sufi ya kondoo ikashindiliwa kila upenyo,
na kibao chenye bawaba za ngozi
cha kufunga giza likiingia.
Dirisha la uso mmoja.

Februari nimerudi na kipimajoto.
Nje, ishirini na moja chini ya sifuri.
Ndani, kumi na nne, na jiko halijawashwa;
paka amelala kwenye jua la kusini, tumbo juu.
Nachuchumaa kaskazini, natafuta jasho la kioo,
napapasa pembe: kukavu.
Abi, njoo uone, nasema, kukavu kabisa!

Honi. Honi.

"Sogea," anasema, "unaniziba."